Dumu la mafuta ya alizeti, presha ya mama, na vile vidonge vya kuzuia uzee

Mbukwenyi wapendwa. Nimekaa kimya muda mrefu hapa mtanisamehe, kwanza mitihani ya wanafunzi ilinibana halafu katikati mama akaumwa, ikawa kila wikendi natoka Dodoma mjini naenda Kibaigwa narudi Jumapili usiku nimechoka hata kalamu siwezi kushika. Sasa ameshapata nafuu, namshukuru Mungu, ndo nimepata nguvu ya kuandika. Ila naandika nikiwa bado na uchungu, niseme ukweli.

Ilikuwa hivi. Mama ana miaka 67, ana presha, anatumia dawa mwaka wa nane huu na alikuwa anaendelea vizuri tu. Mwaka jana baada ya kuuza alizeti akaja dada mmoja kwenye kikoba chao na makopo ya vidonge, akawapa semina ya masaa mawili kwamba mwili unazeeka kwa sababu ya sumu inaitwa radikali huru, na vidonge vyake ni antioksidanti, vinafyeka sumu yote na kurudisha seli kwenye ujana, na dawa za hospitali ndo zinazidi kujaza sumu. Kopo laki moja na ishirini. Mama akanunua mawili. Akaweka dawa zake za presha juu ya kabati, wiki tatu hazijaguswa, na mimi kwenye simu ananiambia "mwanangu mie mzima kabisa". Nilikuja kupigiwa na jirani saa tano usiku, kichwa kinamgonga, macho yanaona giza, wakambeba na bodaboda mpaka kituo cha afya, presha 198 kwa 110. Alilazwa siku mbili. Madaktari wakasema ana bahati.

Sasa mimi ni mwalimu wa bailojia. Nilipofika pale nikashika lile kopo nikasoma yaliyoandikwa, kilichoniuma zaidi ni kwamba yule dada hakudanganya kila kitu. Radikali huru zipo kweli. Zinaharibu seli kweli. Antioksidanti zipo kweli. Alichukua ukweli nusu akaufunga kwenye kopo, na ukweli nusu ndo unaomuingia mtu kirahisi kwa sababu ukienda kuuliza utaambiwa eeh ni kweli hicho kitu kipo. Kwahiyo sikuweza kumwambia mama "ni uongo" nikaishia hapo, ilibidi nimwelezee yote, na nilimweleza kwa kutumia dumu la mafuta kwa sababu hicho ndo kitu anachokijua kuliko mimi.

Waliokulia Kongwa, Mpwapwa, Singida huko wananielewa. Nyumbani kwetu mafuta ya kula ni alizeti yetu wenyewe, mnavuna, mnakausha, mnapeleka mashineni, mnarudi na mafuta na mashudu ya ng'ombe. Yale mafuta ni ghafi hayajapita kiwandani, yana harufu yake nzuri ya mbegu, na bibi mzaa mama alikuwa na sheria zake za kuyatunza ambazo hakuna mtu aliruhusiwa kuzivunja. Dumu lijazwe mpaka shingoni. Likae chumba cha ndani chenye giza, sio jikoni karibu na moto wala kibarazani. Usiweke kwenye debe lenye kutu. Na kubwa kuliko zote, usimimine mafuta mapya kwenye dumu lenye masalia ya zamani, osha kwanza, kausha, ndo umimine, manake alikuwa anasema mafuta ya zamani yanayafundisha mapya tabia mbaya. Bibi hakukanyaga darasa. Lakini kila sheria yake ile niliikuta baadae chuoni kwenye kitabu, na zote zinahusu kitu kile kile kinachofanyika kwenye seli za mama, za kwangu na za kwako unayesoma.

Mafuta yanachacha kwa sababu ya oksijeni. Molekuli ya mafuta ina mikia mirefu ya kaboni na hidrojeni. Mikia mingine imenyooka, kama kwenye samli na mafuta ya ng'ombe, ndo maana yanaganda asubuhi. Mingine ina mikunjo, na alizeti yetu ina kwa wingi asidi inayoitwa linoleiki ambayo mkia wake una mikunjo miwili, ndo maana haigandi hata ile baridi ya mwezi wa saba. Sasa ile hidrojeni iliyokaa katikati ya mikunjo miwili imeshikiliwa kilegevu sana. Ikitokea kitu kikali chenye njaa ya elektroni kinaichomoa kirahisi, na hicho kitu chenye njaa ndo radikali huru. Ikishachomolewa ule mkia unabaki na njaa wenyewe, unadaka oksijeni ya hewani, unakuwa mkali zaidi, unamgeukia jirani yake unachomoa hidrojeni ya jirani, jirani nae anadaka oksijeni anamgeukia mwingine, na hivyo hivyo, kama moto wa nyasi kavu mwezi wa kumi pale Kongwa, cheche moja tu na upepo ndo unajua utaishia wapi. Mwisho ile mikia inakatika vipande vidogo vidogo na vingine ndo vile vyenye harufu kali unayoisikia ukifungua dumu lililoharibika.

Ukielewa hapo sheria za bibi zote zinafunguka. Kujaza mpaka shingoni ni kupunguza hewa. Giza ni kwa sababu mwanga unawasha zile cheche. Joto linaharakisha. Kutu ni chuma, na chuma kinachukua zile peroksidi, yaani mikia iliyokwisha daka oksijeni na hidrojeni ya jirani, zilizotulia tulii zinakaa tu, kinazivunja zinakuwa radikali mpya, mkemia Muingereza Henry Fenton alishaandika kuhusu chuma na peroksidi ya hidrojeni mwaka 1894. Na kuchanganya mafuta mapya na ya zamani ni kuyapelekea mapya peroksidi zilizokwisha tengenezwa, yaani unapeleka kaa la moto kwenye nyasi mbichi. Tabia mbaya kweli inafundishwa.

Haya, sasa kwenye mwili. Kila seli yako imezungushiwa utando, na utando huo ni mafuta. Sio mafuta ya kitambi, hapana, ni tabaka mbili za molekuli za mafuta zimepangwa mikia ndani vichwa nje, unene wake kama nanomita 5, na nanomita moja ni milimita moja ukiigawa mara milioni. Ndani ya seli pia kuna tando nyingine, za mitokondria ndo muhimu zaidi maana humo ndo chakula kinachomwa kwa oksijeni kupata nguvu. Na utando lazima uwe laini, protini ziteleze, milango ifunguke na kufungwa, kwahiyo mwili unaweka kwa makusudi mikia yenye mikunjo mingi. Kwenye ubongo na macho kuna asidi ya mafuta inaitwa DHA yenye mikunjo sita. Sita! Ulaini huo ndo unaotufanya tufikiri na kuona, na ulaini huo huo ndo udhaifu wetu, kwa sababu kila mkunjo ukiongezeka na nafasi ya kuchomolewa hidrojeni inaongezeka. Ubongo una uzito kama asilimia 2 tu ya mwili lakini unatumia kama asilimia 20 ya oksijeni yote. Mafuta laini kuliko yote yamewekwa palipo na oksijeni nyingi na chuma pia kipo. Nikifundisha hapa huwa nasimama kidogo kwa sababu kwangu mimi ni jambo la kushangaza kwamba tunafika hata miaka 20.

Utando ukichacha nini kinatokea? Unakuwa mgumu, unavuja, kalsiamu inaingia pasipotakiwa, mitokondria zinashuka uzalishaji. Vile vipande vya mikia iliyokatika, kuna kimoja kinaitwa malondialdehaidi, vinaenda kung'ang'ania protini na hata DNA, kwahiyo madhara hayabaki kwenye mafuta. Seli ambazo hazigawanyiki tena kama za moyo na za ubongo zinakusanya uchafu wa rangi ya njano ya kahawia unaitwa lipofusini, mabaki ya mafuta na protini zilizoungana ambayo seli imeshindwa kuyavunja, na kadri umri unavyokwenda yanaongezeka. Na kwenye mishipa ya damu, lehemu ile inayoitwa mbaya ikishaoksidika inamezwa na seli za ulinzi mpaka zinavimba zinakuwa kama povu, hapo ndo mishipa inaanza kuziba, na mtu mwenye presha kama mama hilo ndo la kumuogopesha zaidi.

Mwaka 1956 Mmarekani Denham Harman ndo aliyetoa wazo kwamba radikali huru zinazotokana na uhai wa kawaida ndo zinatuzeesha. Watu wengi hawakumsikiliza. Hoja ilikuja kupata nguvu 1969 pale Joe McCord na Irwin Fridovich walipoonyesha mwilini kuna kimeng'enya, supaoksidi dismutasi, ambacho kazi yake ni kushughulikia radikali ya oksijeni. Sasa fikiria, kama mwili umeajiri mlinzi basi mwizi yupo.

Na walinzi wenyewe ni wengi, hapa ndo nilitaka mama aelewe. Supaoksidi dismutasi inaidaka ile radikali inaigeuza kuwa peroksidi ya hidrojeni, ambayo bado ni hatari ila imepoa, halafu katalasi na glutathioni peroksidasi zinaimalizia inakuwa maji. Chuma kinafungiwa ndani ya protini maalum kisizurure, sawa kabisa na bibi na debe la kutu. Vitamini E yenyewe inakaa ndani ya utando, mafuta ndani ya mafuta, na ukipita moto inajitoa, inatoa hidrojeni yake kwa ule mkia wenye njaa na moto unakatika pale pale. Ni wachache kweli kweli, kama molekuli moja ya vitamini E kwa elfu moja au zaidi za mafuta, na bado wanatosha, kwa nini? Kwa sababu hawafi baada ya kazi. Vitamini C iliyopo kwenye maji nje ya utando inamrudishia E kile alichotoa, glutathioni, molekuli ndogo ambayo seli inaitengeneza yenyewe, inamrudishia C, na glutathioni nae anarudishiwa na nguvu inayotoka kwenye kuchakata sukari. Ni kama akina mama wa kijiji wanapokezana ndoo kuzima moto, kila mmoja anategemea aliye nyuma yake. Na kuna fundi mmoja anaitwa GPX4, huyu anatumia madini ya seleniamu, anapita kwenye utando wenyewe kurekebisha mikia iliyokwisha peroksidika. Akizimwa seli inakufa kifo cha aina yake kinachosukumwa na chuma na mafuta yaliyochacha, kifo hicho kilipewa jina mwaka 2012, ferotosisi.

Kama huamini kwamba mnyororo huu ni kitu cha kweli angalia watu wenye upungufu wa G6PD, ni wengi tu kwenye nchi zenye malaria kama yetu. G6PD ndo kimeng'enya kinachoanzisha ile nguvu ya mwisho kwenye seli nyekundu za damu. Mtu anaweza kuishi miaka 40 hajui kama anao upungufu, siku akipewa dozi za kutosha za primakwini ambayo ni dawa ya malaria, au dapsoni ambayo ni dawa ya ukoma, seli nyekundu zinashindwa kujilinda zinapasuka, mkojo unakuwa mweusi kama koka, damu inashuka. Vitamini E anayo, C anayo, ila pete moja ya mnyororo imelegea na yote imelegea. Ndo maana ukienda hospitali ukaulizwa kama umewahi kupata shida na dawa fulani jibu ukweli, na kama kuna historia kwenye ukoo sema.

Kwahiyo swali la mama lilikuwa, na ni swali zuri, "sasa si ndo nimeze hizo vitamini ziwe nyingi?"

Wanasayansi nao waliuliza hivyo hivyo, na walikuwa na matumaini makubwa kweli. Finland walichukua wanaume wavuta sigara 29,133, wengine wakapewa beta karotini, ile rangi ya karoti ambayo nayo ni antioksidanti, wengine vitamini E, matokeo yakatoka 1994, waliomeza beta karotini walipata saratani ya mapafu ZAIDI, kwa asilimia 18. Marekani walikuwa na utafiti kama huo wa watu zaidi ya elfu 18, wavutaji na waliowahi kuvuta na waliofanya kazi kwenye asbesto, ikabidi wausimamishe 1996 kabla ya wakati maana saratani ya mapafu kwa waliokuwa wanameza ilizidi kwa asilimia 28. Utafiti mwingine mkubwa wa wanaume zaidi ya elfu 35, waliopewa vitamini E ya dozi kubwa peke yake walikuja kuonekana 2011 wana saratani ya tezi dume zaidi kwa asilimia 17. Hizi sio habari za kijiweni, ndo majaribio yaliyofanywa na watu waliotaka vidonge vifanye kazi.

Sababu moja ni hiyo ya mnyororo. Vitamini E ikishatoa hidrojeni yake na yenyewe inakuwa radikali, dhaifu lakini radikali, ukiirundika bila wenzake wa kuipokea hujasaidia kitu. Sababu ya pili ni kwamba mwili unazitumia radikali. Seli nyeupe za damu zinaua bakteria kwa radikali. Misuli ukifanya mazoezi inatoa radikali na hizo ndo taarifa kwamba jamani kazi imeongezeka, ongezeni walinzi. Ujerumani mwaka 2009 walionyesha vijana waliofanya mazoezi huku wanameza vitamini C na E kwa dozi kubwa hawakupata ile faida ya insulini kufanya kazi vizuri ambayo wenzao wasiomeza waliipata. Yaani walizima king'ora wakidhani wamezima moto.

Na hata nadharia ya Harman yenyewe siku hizi haikubaliwi kwamba inaeleza uzee wote. Kuna mnyama namtaja kila mwaka darasani, yule fuko asiye na manyoya, anaishi chini ya ardhi huko Kenya, Ethiopia na Somalia. Umbo lake ni kama panya wa nyumbani tu, panya anaishi kama miaka 3 huyu anapita 30. Ungedhani basi hana madhara ya oksidesheni kabisa, walipompima wakakuta anayo mengi hata akiwa kijana! Ila tando zake zina DHA kidogo sana ukilinganisha na za panya. Yaani hakuongeza zimamoto, alijenga nyumba isiyoshika moto haraka. Mimi naona hilo ni jibu zuri kuliko makopo yote ya yule dada, ingawa sisi hatuwezi kujichagulia tando za fuko.

Tunachoweza ni kupunguza cheche. Nilikaa na mama tukaangalia jiko lake. Anapikia kuni kwenye kijumba kisicho na dirisha, moshi ule una radikali na vitu vingine vibaya vinaingia moja kwa moja kwenye mapafu, tumetoboa dirisha na gesi ndogo nimempelekea kwa ajili ya chai na vitu vya haraka. Mafuta ya kukaangia maandazi alikuwa anayarudia mpaka yanakuwa meusi, hayo ni mafuta yaliyochacha kwa lazima, kwa moto, nikamuomba aache na ameacha. Karanga na mbegu za alizeti zenyewe zina vitamini E ya kutosha, karanga achambue zenye ukungu atupe, tusisahau 2016 sumukuvu ilivyoua watu Dodoma na Manyara. Ubuyu, huu mti umejaa mkoa mzima, unga wake kwa uzito una vitamini C kuliko chungwa, na tunawauzia watu wa mbali wao ndo wanautukuza. Mlenda mkavu nao nilimwambia aanike kivulini badala ya juani, jua kali linakula karotini na vitamini C. Hapa alinikatalia kidogo, akasema mlenda wa kivulini hauna ladha ile. Tumekubaliana nusu kwa nusu.

Haya yote ni chakula cha kawaida, na sisemi kinatibu presha. Presha inashushwa na dawa zake, zile zile zilizokuwa juu ya kabati, sasa anazinywa kila siku na mdogo wangu anapiga simu saa mbili usiku kuhakikisha. Kama mama yako, shangazi, baba mkwe ameuziwa kopo na akaambiwa aache dawa ya presha au sukari, tafadhali nenda leo, usisubiri upigiwe saa tano usiku. Usimgombeze. Mimi nilimgombeza mama pale wodini na nikajuta, alikuwa anataka tu awe na nguvu awaone wajukuu wakimaliza shule.

Vile vidonge vilivyobaki alinipa mwenyewe. Hela haikurudi.

Juzi amepiga simu, alizeti imekamuliwa, mwaka huu imetoa mafuta mengi na amenitengea dumu la lita 20. Nikamwambia mama angalia usimimine kwenye lile la mwaka jana kabla hujaliosha. Akanyamaza kidogo halafu akaniuliza, "Kwani mie ndo nimezaliwa na nani?"